Sehemu Nne za Aminieli

Siku ya sita asubuhi, kabla hajamenya hata ndizi moja, Mama Nansia alifunga mlango wa jiko kwa komeo, akapandisha blauzi na kuitazama mishipi miwili iliyomzunguka kiuno. Wa kijani ulikuwa wake kihalali. Wa bluu ulikuwa wa mwanawe Aminieli, ambaye wakati huo alikuwa Singida, mwendo wa kutwa nzima, amening'inia juu ya nguzo ya umeme wa upepo, na kiunoni hakuwa na kitu isipokuwa mkanda wa suruali.

Kila mshipi ulikuwa na vitufe vitatu vidogo vyenye maandishi. Yamepungua. Vilevile. Yamezidi. Kila mbebaji alitakiwa kubonyeza kimoja kila asubuhi kabla ya saa mbili, na jibu lake lilikwenda moja kwa moja zahanati.

Alibonyeza Yamepungua kwenye wa kijani. Kisha akaketi, akamenya ndizi kumi na mbili, akakata nyama, akaosha sufuria, na ndipo akabonyeza Yamepungua kwenye wa bluu. Watu wawili hawawezi kubonyeza sekunde moja, na Nesi Nakijwa, aliyeyasoma majibu kule zahanati, hakuwa mjinga. Hesabu hiyo ya ndizi kumi na mbili Mama Nansia aliibuni mwenyewe siku ya kwanza, na alikuwa amechoka mno hata kuionea haya.

Uongo wenyewe ulikuwa mkubwa kuliko huo. Maumivu hayakuwa yamepungua hata chembe. Yalikuwa yamelala chini ya kitovu chake, yamenyooka kutoka nyonga hii hadi ile, kwenye tumbo ambalo kisu hakijawahi kuligusa. Akiinama yalimvuta. Akisimama yalimvuta zaidi. Na mkwe wake akicheka huko chumbani, yeye huku jikoni ilibidi ashike meza.

Na Tusekile, Mungu ambariki, alikuwa mtu wa kucheka.

*

"Mama, umeamka salama? Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wajina amelalaje?"

"Wajina wako amenyonya kama ana deni nami." Tusekile alicheka, na Mama Nansia akaliweka bakuli la mtori wa ndizi mezani haraka, usije ukamwagika.

Mtoto alikuwa msichana, na msichana wa kwanza huku mlimani huchukua jina la mama mzaa baba. Kwa hiyo mle ndani walikuwamo Ndeonansia wawili, mmoja wa siku sita na mwingine wa miaka sitini na mitatu, na wote wawili walikuwa hawajalala vizuri tangu mdogo alipozaliwa. Tusekile mwenyewe alitoka Tukuyu. Alikuja mlimani kufundisha hesabu shule ya sekondari, akaolewa, na hadi leo hakuwa amezoea kukaa kitako akihudumiwa mpaka maji ya kunawa. Lakini ndiyo desturi. Mzazi haokoti hata kijiko. Hula mtori, hunywa maziwa, hukandwa, hulala, kwa miezi mitatu, na siku anapotoka kwenda sokoni watu humtazama mashavu, kisha humtazama mama mkwe wake. Mashavu yale ndiyo heshima ya mama mkwe. Mama Nansia alitolewa kwenda sokoni mara nne, na mara zote nne mama mkwe wake alitembea mbele akiwa ameinua kichwa.

"Jana jioni Ami alipiga," alisema Tusekile, akipuliza mtori. "Nikamwuliza, baba Nansia, unazisikiaje hizo sehemu zako? Akasema zinamkata, lakini akiwa juu ya nguzo anafikiria mimi na mtoto, anavumilia." Macho yake yalilowa kidogo. "Mama, unajua wanaume wangapi wanakataa mshipi? Mwenzangu tuliyelala naye wodini, mumewe alisema mgongo wake mbovu. Dada yake ndiye aliyebeba."

"Kula kabla haujapoa," alisema Mama Nansia.

"Nakula. Nasema tu kwamba mmenilea vizuri, wewe na mwanao."

Mama Nansia aliitikia kwa kichwa, akachukua beseni la nepi. Hasira ilimpanda na akashindwa kujua ni ya nani. Mwanawe angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemtuma aseme zinamkata.

*

Siku ya kutoka hospitali Nesi Nakijwa aliwaketisha wote watatu kwenye benchi, akawaeleza kwa sauti ya mtu aliyeyasema maneno hayo mara elfu. Alikuwa Mpare mwembamba, wa miaka arobaini hivi, na miguu yake ilivimba kwa kusimama.

"Maumivu hayafutiki," alisema. "Zamani walikuwa wanayafuta kwa dawa kali, dawa inaingia kwenye maziwa, mtoto analala hanyonyi. Hizo dawa mzazi hapewi tena. Anapewa vidonge hivi vidogo, vinasaidia kadiri vinavyoweza. Yanayobaki hatuyafuti, tunayahamisha. Sehemu kumi. Mwenye mshono anabaki na mbili, hizo ni zake, hazichukuliwi na mtu, ili asisahau kwamba ana kidonda. Nane wanagawana wabebaji wawili, nne kwa nne."

"Kwa nini wawili?" aliuliza Aminieli. "Si mashine igawe tu yenyewe, ijue yenyewe?"

"Mashine haijui maumivu, kaka. Inajua kuyapeleka tu. Anayeyajua ni mtu. Na mtu mmoja anaweza kujikaza akanidanganya, hasa nyie wa huku." Alimtupia jicho Mama Nansia. "Wawili hawawezi kujikaza sawasawa. Nikiona majibu yenu yanalingana, najua ni kweli. Yakishuka siku tano mfululizo, najua mshono unapona, nakwenda kwa wengine. Nina wazazi thelathini na wanne na miguu miwili."

Walikula kiapo, wakavaa. Aminieli alivaa wa bluu palepale, akambusu mkewe kwenye paji la uso mbele za watu, manesi wakapiga vigelegele. Saa moja baadaye, nyuma ya nyumba, mama yake alimkuta amepiga magoti kwenye migomba, akitapika, na mshipi ameushika mkononi. Chumbani Tusekile alikuwa anapiga ukelele kwa sababu sehemu nne zilikuwa zimemrudia kwa mpigo.

"Siwezi, mama," alisema. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Na kesho kutwa natakiwa juu ya nguzo. Nikishikwa na hii kitu huko juu, nitaanguka nife."

Hilo la kuanguka lilikuwa kweli. Hakuna wa kumlaumu mtu kwa kukataa kufa. Lakini angeweza kuingia ndani amwambie mkewe hivyohivyo, na Tusekile angemwelewa, wangemwita mtu wa Tukuyu aje kubeba. Badala yake aliutazama mshipi, akamtazama mama yake, kama alivyomtazama tangu utotoni kila alipovunja kitu. Mama Nansia aliuchukua, akaufunga juu ya wake. Alisikia chumbani Tusekile akinyamaza.

Mshipi haukujua kiuno cha nani. Ulitaka mwili wenye joto tu.

*

Siku ya saba maumivu yalibadilika.

Mama Nansia alikuwa anaanika nepi chini ya chandarua cha migomba, kile kilichowekwa na kijiji tangu jua lilipoanza kuunguza majani. Upande wa kushoto, mwisho kabisa wa ule mstari wa tumboni, pakaanza kupwita. Hapakuvuta kama siku zote. Palipiga, pakatulia, pakapiga tena, na palikuwa na moto. Alisimama ameshika kamba ya nguo, akasubiri pamalizike. Hapakumalizika.

Alijiambia ni uzee. Alijiambia pia kwamba yeye alizaa wanne kwa njia ya kawaida, bila mkunga kumsikia akitoa sauti, kwa hiyo mambo ya mshono hayajui, huenda ndivyo unavyofunga. Maelezo haya mawili yalimtosha mpaka mchana. Mchana alikwenda kumkanda Tusekile miguu na mgongo kwa maji ya moto, akiliepuka tumbo kama alivyofundishwa, na mkono wake ukagundua kwamba mgongo ulikuwa wa moto kabla kitambaa hakijaugusa.

"Una homa."

"Ni maziwa, mama. Matiti yamejaa. Mama yangu alisema maziwa yakija na mwili unachemka." Tusekile alijinyoosha. "Mshono ndio siusikii kabisa. Unauma kidogo pembeni hapa, kama mchubuko tu."

"Pembeni wapi?"

"Hapa kushoto. Kidogo tu."

Kidogo tu. Mbili kwa kumi. Mama Nansia alikamua kitambaa, akakikamua tena wakati hakikuwa na maji.

Alasiri kipanga cha zahanati kikatua uani. Ndivyo watu walivyokiita, ingawa kilikuwa sanduku lenye mabawa manne. Kilileta vidonge na karatasi yenye mwandiko wa Nesi Nakijwa: Hongereni sana. Majibu yenu ya siku sita ni mazuri kuliko ya kijiji kizima. Sitakuja kesho kufungua bandeji kama tulivyopanga, nina mgonjwa mbaya upande wa pili. Nitakuja siku ya kumi na mbili. Mbebaji wa Singida apewe pongezi zake.

Tusekile aliisoma kwa sauti, akacheka kwa furaha. Mama Nansia aliketi chini sakafuni, akasema anaokota kijiko.

*

Jioni, jua bado likiwa juu ya migomba, alimpigia mwanawe kutoka zizini, mahali ambapo Tusekile asingesikia.

"Mama, shikamoo. Wanaendeleaje?"

"Mkeo ana homa. Na mshono una kitu. Panapwita upande wa kushoto, pana moto. Mimi ndiye ninayepasikia."

Nyuma ya Aminieli upepo ulikuwa unavuma kwenye chuma.

"Basi mwite nesi," alisema.

"Nesi ameandikiwa siku sita kwamba yanapungua. Na mimi na wewe. Wewe unayajua yamepungua kiasi gani?"

"Mama..."

"Nitamweleza yote."

"Mama, ngoja. Ngoja kwanza." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nimemwambia mambo. Kila jioni ananiuliza, nami namwambia. Akijua kwamba hata siku moja sikubeba, atarudi kwao. Mama, wewe unamjua, hapigi kelele, anafunga tu sanduku. Nipe mpaka Jumamosi, nakuja, nitamwambia mwenyewe uso kwa uso. Kesho bonyeza Yamezidi kwenye mshipi wako, nesi atakuja. Wangu uache hivyohivyo."

Ilikuwa Jumatano. Mama Nansia aliegemea boriti la zizi. Ng'ombe alimtazama akicheua, na yeye akatamani kuwa ng'ombe kwa dakika kumi hivi. Alikuwa amezaa watoto wanne akabaki na huyu mmoja, na kila alipomfunika alijiambia anamfunika kwa sababu ndiye aliyebaki. Sasa alijiuliza kama hakuwa anajifunika yeye mwenyewe. Siku hizo saba watu walisema Mama Nansia amemlea mwanaume, naye alipenda kusikia.

"Sawa," alisema. "Nitajaribu hivyo."

Asubuhi ya Alhamisi alibonyeza Yamezidi kwenye wa kijani. Akamenya ndizi zake kumi na mbili. Kwenye wa bluu alibonyeza Yamepungua. Aliketi mlangoni kungoja gari.

Jibu lilikuja kabla ya saa tatu, na halikuwa gari. Mshipi wa kijani ulizungumza kwa ile sauti yake laini ya mtu asiye na haraka: "Majibu ya wabebaji hayalingani. Mbebaji wa kwanza ana umri mkubwa na anaonekana kuchoka. Sehemu mbili zitahamishiwa kwa mbebaji wa pili, ambaye anaendelea vizuri. Pole na hongera."

Wa kijani ukalegea. Wa bluu ukakaza. Sehemu mbili zilitoka kwenye kiuno chake, zikazunguka sijui wapi kwenye minara, zikarudi kwenye kiuno chakechake.

Mama Nansia alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, na alishangaa kukisikia kikitoka kwake. Alitazama njia tupu. Alitafuta uongo mwingine, mdogo zaidi, ambao ungemleta nesi na kumwacha mwanawe mzima. Alitafuta kwelikweli. Hakuupata, na pale kushoto palikuwa panapiga.

*

Tusekile alikuwa amejilaza kwa ubavu, uso umemwiva, mtoto kifuani. Hakuwa anacheka. Mama Nansia alivuta kigoda, akakaa, akapandisha blauzi. Alichagua kuonyesha kwa sababu maneno hakuyaamini tena.

Tusekile aliitazama mishipi ile, wa kijani na wa bluu. Alikuwa mwalimu wa hesabu, haikumchukua muda.

"Tangu lini?"

"Tangu saa ya kwanza."

"Hata siku moja hakubeba?"

"Alijaribu saa moja. Akatapika. Halafu kazi yake ile ya juu, aliogopa kuanguka." Alijisikia akimtetea, akaacha. "Mimi ndiye niliyebonyeza vyote. Nilisema yanapungua. Hayakupungua hata siku moja, mwanangu, na tangu jana yamezidi. Hapa, kushoto, pana moto. Nesi haji kwa sababu yangu. Nisamehe baadaye, ukitaka. Sasa hivi inabidi apatikane."

Tusekile alifumba macho. Mkono wake ulimpapasa mtoto mgongoni, taratibu.

"Mpigie," alisema. "Na uvue."

"Nikivua yatakurudia yote."

"Atauliza panauma wapi na namna gani. Nitamjibu nini? Kama mchubuko? Vua, mama. Ni yangu."

Mama Nansia alimchukua mtoto kwanza, akamlaza upande wa pili wa kitanda. Kisha akafungua wa kijani, na baada yake wa bluu.

Kwake ilikuwa kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani; shingo yenyewe haikuamini. Lakini hakupata nafasi ya kuifurahia, maana macho yake yalikuwa kwa Tusekile. Aliona maumivu yakiingia. Aliona vidole vikikamata shuka, magoti yakijikunja, mdomo ukifunguka bila sauti, kisha sauti ikaja. Huku mlimani mwanamke hulia moyoni. Tusekile hakuwa wa huku, alilia kwa kinywa, na Mama Nansia, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuona ubaya wowote ndani yake.

Kilio kilipopungua kikawa pumzi, Tusekile aligeuza kichwa akamtazama.

"Umebeba hivi," alisema. "Siku nane. Ukanipikia mtori."

Mama Nansia akalia naye.

*

Nesi Nakijwa alifika saa nane mchana, viatu vimejaa vumbi. Hakumsalimia mtu. Alifungua bandeji, akabonyeza kushoto kwa kidole kimoja, Tusekile akamwonyesha hasa panapoanzia na panapoishia, na nesi akasema, "Asante, umenisaidia." Alikata nyuzi tatu. Usaha ulitoka. Alisafisha kwa muda mrefu, akamchoma sindano mbili, akapanga nyingine za siku kumi.

"Ungekaa mpaka hiyo siku ya kumi na mbili niliyoandika," alisema akinawa mikono, "ningekuja na gari la aina nyingine." Aliufikiria mwandiko wake mwenyewe kidogo. "Niliyaamini kwa sababu yalilingana. Yalilingana mno. Ningejiuliza."

"Kosa ni langu," alisema Mama Nansia.

"Ndiyo, ni lako. Lete mkono." Alimpima mapigo, akakunja uso, akapima tena. "Na wewe hubebi tena. Hata sehemu moja. Moyo wako unakwenda kama saa mbovu. Binti abaki nazo zote mpaka apatikane mbebaji wa kweli, tumpe vidonge, tumwombee. Tusekile, nani aje? Kwenu kuna mtu?"

Tusekile alikuwa amelala chali, jasho linamtoka, macho kwenye dari.

"Mbebaji ninaye," alisema. "Ameapa mbele yako. Anakuja Jumamosi."

"Siku mbili hizo ni ndefu, dada."

"Najua ni ndefu. Mimi ndiye nitakayezihesabu."

Nesi alimtazama Mama Nansia. Mama Nansia alitazama mshipi wa bluu juu ya kigoda.

*

Aminieli alifika Jumamosi saa sita mchana, na galoni la asali ya Singida, na kitenge cha mzazi, na likizo ya wiki tatu ambayo, alisema, aliipata kwa kupiga magoti. Alipita jikoni kwanza. Alikuwa mwanaume mrefu, mabega mapana, na alisimama mlangoni ameinamisha kichwa kama mtoto aliyetumwa chumvi akapoteza njia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Anajua?"

"Anajua yote."

"Na amefunga sanduku?"

"Hawezi kuinuka kitandani, Aminieli. Sanduku atalifungaje?" Alimsogezea kikombe cha maji. "Kunywa, uingie. Usimpe asali kabla hujamsikiliza."

Aliondoka. Mama Nansia alirudi kwenye sufuria yake. Dirisha la jiko na la chumba yalitazamana kwa hatua sita, kwa hiyo hakuhitaji kutega sikio, na hakuhitaji pia kujidanganya kwamba hasikilizi. Kwa siku mbili alikuwa amemsikia Tusekile akilia kila anapoamka, kila mtoto anaporusha mguu. Mara kadhaa mkono wake mwenyewe uliuendea mshipi wa kijani, na mara hizo zote Tusekile alimwambia hapana, mama, kalale.

"Kaa hapo," ilisema sauti ya Tusekile, imepwaya. "Hapana, usinishike kwanza."

"Tuse, mke wangu, naomba nikueleze. Siyo kwamba mimi..."

"Utanieleza. Una wiki tatu za kunieleza. Ulisema zinakukata, Ami. Ulisema ukiwa juu unatufikiria. Nilikuwa nakulilia. Nilikuwa nalia kwa ajili yako, mimi, nimelala, sisikii kitu."

Mtoto aligugumia.

"Leo hupo juu ya nguzo," alisema Tusekile. "Uko chini, umekaa kwenye kiti. Hutaanguka. Sitaki pole yako, na asali nitailamba kesho. Chukua sehemu nne zako."

Mama Nansia alisikia mlio mdogo wa chuma kikishika chuma. Alihesabu, moja, mbili, tatu. Alijua hasa yanapoanzia, yanavyopanda, na pale yanapogeuka.

Mwanawe akatoa sauti. Hakuwa ameisikia sauti hiyo tangu Aminieli akiwa na miaka sita, alipovunjika mkono. Mwiko ulimtoka ukaangukia sakafuni. Miguu yake ilikuwa imeshafika mlangoni kabla hajaituma, na mkono umeshashika kiuno, mahali ambapo palibaki alama mbili nyekundu za mishipi.

"Pumua," alimsikia Tusekile akisema, na sauti yake ilikuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa kwa siku mbili. "Pumua na mimi. Itatulia, halafu itarudi. Ndivyo ilivyo. Niko hapa."

"Mama," aliita Aminieli. "Mama."

Miaka thelathini na moja aliitwa hivyo akaitika. Mama Nansia alisimama palepale mlangoni, jua limempiga usoni, hatua sita tu. Alisikia uchovu wa siku kumi ukimshukia wote kwa pamoja, miguuni na mabegani, uchovu wake mwenyewe, ambao haukuwa wa mtu mwingine yeyote.

Alirudi ndani. Akaokota mwiko, akauosha, akapunguza moto ili mtori usiungue chini.

Aminieli aliita tena. Mama Nansia aliketi kwenye kigoda, akaikunja mikono yake mapajani, akaendelea kukaa.